Siku Niliyonatisha Barua ya Posa

Kuna watu Kilole, pale Korogwe mjini, ambao jina langu hawalijui lakini wakiniona tu wanaanza kutafuna hewa, taya juu taya chini, halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi siwalaumu, maana ile aibu niliifanya mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya ukoo wa watu, nikiwa nimevaa koti. Nilikusudia kuificha hii habari nife nayo, lakini kwa kuwa jirani yangu Mhando keshaisambaza Handeni nzima, na kila akiisimulia anaongeza chumvi (kwa habari zake za juzi eti nilizimia, sikuzimia), bora mniulize mimi niliyekuwepo na mdomo wangu.

Mimi ni seremala. Sigara nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, kwenye kambi ya mkonge alikokuwa akifanya kazi baba, na nikaiacha nikiwa na arobaini na nane, baada ya siku moja kupeleka kabati Lutindi, gari likashindwa kilima cha mwisho, ikabidi tulibebe, na mimi nikakaa chini katikati ya njia nahema kama mvukuto uliotoboka, huku mwenye kabati lake, mama wa miaka sabini, ananipita na droo mbili kichwani na kuniambia, "Pole baba, pumzika." Ile pole ilinichoma kuliko tusi. Nikasema basi.

Aliyenishika mkono ni mpwa wangu Athumani, mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi kwenye duka la dawa Tanga mjini. Wengine wote walikuwa wananiambia acha utakufa, acha utakufa, kana kwamba nilikuwa sijui. Yeye alikaa karakanani kwangu, akanisikiliza, wiki iliyofuata akaniletea bigijii za dawa. Ndani yake mna nikotini kidogo, ile ile inayomfanya mtu aililie sigara, ili mwili usishtuke. Unaanza na nyingi, unapunguza mdogo mdogo, mpaka nazo unaachana nazo. "Lakini mjomba," akaniambia, "hii hutafuni kama mbuzi. Unaibana mara mbili tatu, ukisikia inawasha unaiweka shavuni, unatulia. Na usiruke hatua."

Nilianza na kumi kwa siku. Kutoka kumi mpaka tatu nilishuka vizuri, nikajiona shujaa. Hizo tatu za mwisho, ndugu zangu, ndizo zilizonitoa jasho. Nikawa nazikata nusu kwa patasi juu ya meza ya kazi, nusu asubuhi, nusu saa sita, nusu alasiri, na hamu ikizidi hapo katikati natafuna bigijii ya kawaida ya dukani, ile ya watoto yenye ladha ya ndizi. Mtaani hakuna aliyejua tofauti. Walichojua ni kwamba fundi kaacha sigara kapenda peremende. Nami sikuwasahihisha, maana niliona haya: mwanamume mzima, miezi sita hajagusa sigara, kumbe bado ananyonyeshwa na duka la dawa.

Sasa Athumani akapata mchumba. Anaitwa Rehema, binti wa Kilole, na wazazi wake wakasema leteni barua. Kwa kutafuta mshenga akanijia mimi. "Mjomba, sina mwingine," akasema, nami kwa yale aliyonitendea ningekataaje? Akanipa na tahadhari moja: "Baba yake, Mzee Salimu, hataki hata kusikia harufu ya tumbaku. Mdogo wake alikufa kwa kifua akiwa bado anavuta. Kuna posa ya dada yake Rehema aliirudisha kwa sababu mshenga alikutwa na kiberiti mfukoni." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Na dawa yako usiiache siku hiyo," akaongeza. "Tafuna kabla hujatoka, nyingine ukirudi."

Hapo ndipo penye uamuzi wangu mdogo. Asubuhi ya safari nimeshavaa, koti limenyooshwa, barua imekunjwa ndani ya leso nyeupe iliyodariziwa maua, nikasimama mbele ya meza ya kazi naitazama ile nusu ya asubuhi, nikajiambia, hivi wewe, unakwenda kusimama kwa niaba ya ukoo mbele ya mtu kama yule, na ndani yako mna nikotini? Leo ndiyo leo. Leo zinaisha zote. Nikaiacha pale mezani kwa madaha kama mtu anayeacha kazi. (Lakini pakiti yenye nne nzima nikaitia mfuko wa koti, wa kulia, kama wale wanaosema mke wa zamani wamemsahau ila namba yake hawajaifuta.)

Tulikwenda na Mhando kwa pikapu yake. Mhando ni rafiki yangu wa tangu tuko na nguvu, na sigara tulikuwa tunawashiana, tofauti ni kwamba yeye hajaacha. Tulipopita Sindeni akawasha ya kwanza. "Nimekufungulia kioo," akasema, kama vile amenifanyia hisani. Kufika Korogwe alikuwa ameshavuta tatu, moshi wote umekaa kwenye koti langu, na mimi mikono imeanza kufa ganzi, goti la kulia linacheza lenyewe kama la fundi cherehani.

Tukapokelewa vizuri sana. Sebule ilikuwa imejaa: Mzee Salimu kwenye kiti chake cha mbao, mtu mrefu, mkavu, mpole wa sauti, dada yake, Mwalimu Zubeda, anayefundisha shule ya msingi, wajomba wawili, na mkekani pembeni mama yake Mzee Salimu, Bibi Mwanahawa, kajikunja ndani ya kanga, nikadhani kasinzia. Tukaamkia mmoja mmoja, shikamoo mzee, shikamoo bibi, tukakaribishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, chai ikaja na sambusa.

Kikombe changu kikawa kinaongea. Nikikiinua kinagonga kisahani, ti-ti-ti-ti, nikikiweka kinagonga zaidi. Mhando akanikanyaga mguu. Mzee Salimu akavuta pumzi puani, taratibu, mara mbili.

"Nasikia harufu ya sigara," akasema.

Mhando, Mungu amsamehe, akaangalia dari.

"Mshenga," Mzee Salimu akanigeukia, "wewe unavuta?"

"Nilivuta, mzee. Nikaacha. Mwezi wa sita huu."

"Umeacha kabisa?"

Angalieni sasa. Ningesema pale pale, mzee nimeacha sigara, natumia dawa, namalizia, na moshi huu ni wa mwenzangu, yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeshaingiwa na ule usafi wangu wa asubuhi, na sebule nzima inaniangalia, nikapanua kifua nikasema, "Kabisa, mzee. Mwilini mwangu humu hamna hata chembe."

"Mashallah," akasema Mwalimu Zubeda.

Bibi Mwanahawa akafumbua jicho moja.

Wakaanza maongezi ya kwenu wapi na nani ni nani, mimi sisikii. Masikioni naungurumiwa, jasho linashuka mgongoni, mate yamejaa mdomoni, na ile pakiti ndani ya koti naisikia kama kaa la moto. Nikajitahidi, wallahi nilijitahidi, nilihesabu maua ya pazia mara nne. Mwisho nikaomba kwenda msalani.

Kule msalani nikatoa mbili. Mbili nzima, mtu ambaye kwa miezi miwili sijapita nusu. Nikazitia zote mdomoni, nikatafuna kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, nameza na mate yake, nataka inishike upesi nirudi. Ikanishika. Kichwa kikapata mbawa, na mara nasikia mlango unagongwa, sauti ya mmoja wa wale wajomba: "Mshenga, wazee wanakusubiri, ndiyo saa ya barua."

Nikaitema ile bigijii kiganjani, donge kubwa kama jicho la mbuzi. Nitupe wapi? Chooni niliogopa isije ikaelea wakaiona. Nikaisokomeza mfukoni mwa koti nikatoka. Na mfuko wenyewe, kwa haraka ile, haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kushoto. Wa barua.

Nikasimama katikati ya sebule. Nikasalimia upya kama inavyotakiwa, nikaanza maneno yangu niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya randa na msumeno: "Wazee wangu, sisi ni wageni tuliotoka Handeni, tumeona ua katika bustani yenu..." na hapo hapo kwenye bustani ikaja kwikwi. Hik! Kubwa, ya kuruka nayo. Nikaendelea: "...katika bustani, hik, yenu, nasi tuna kijana, hik!" Mjomba mmoja akaanza kukohoa kikohozi cha kuzuia kicheko. Nikaona heri niharakishe kwenye barua yenyewe. Nikatia mkono mfukoni, ikagoma kutoka. Nikavuta. Ikaja na mfuko nje, kitambaa cha ndani kimening'inia kama ulimi wa ng'ombe, na kati ya mfuko na ile leso nyeupe ya maua kuna kamba ya bigijii, inang'aa, inarefuka, kila nikivuta inarefuka, mpaka Mhando akainuka kunisaidia nayo ikamnata mkononi. Tukawa wawili tumeunganishwa. Katika kuhangaika huko koti likainama upande, na ule mfuko wa kulia nao ukaona usipitwe: ukaitema pakiti, ikaanguka miguuni kwa Mwalimu Zubeda.

Mwalimu ni mwalimu. Aliokota, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye neno nikotini alilisoma mara mbili.

"Kaka," akamwambia Mzee Salimu, "hii si ile sumu ya kwenye sigara?"

"Sigara ya kutafuna!" akasema mjomba mmoja.

Halafu, hik! Yangu.

Ndipo Bibi Mwanahawa akanyanyuka pale mkekani, akakaa sawasawa. "Kwikwi hiyo naijua," akasema. "Hiyo ni ya tumbaku iliyokimbiliwa. Mimi niliipata siku niliyouvamia ugoro wa mama mkwe wangu. Mpeni maji mtoto wa watu, na wewe, mwanangu, kaa chini useme kweli, kabla hujatapika kwenye zulia."

Nikakaa. Nikanywa maji. Nikasema yote, kuanzia kabati la Lutindi mpaka msalani, nikaeleza za kumi, za tatu na nusu nusu za patasi, na kwamba tangu siku ile sijaweka sigara mdomoni hata moja, na leo asubuhi niliruka hatua kwa kiburi. Nilipomaliza macho yananiuma, sijui ni nikotini ama ni nini. Mzee Salimu aliichukua ile pakiti mkononi mwa dada yake, akaigeuza.

"Dawa si kosa," akasema. "Mdogo wangu angeipata dawa hii ningemtafunia mimi. Lakini nilikuuliza, ukanijibu hamna hata chembe. Sasa nitajuaje hayo mengine uliyokuja kunisemea ya huyo kijana?"

Akaomba namba ya Athumani. Akapiga, akaweka sauti kubwa. Athumani, maskini, akidhani ni habari njema, akapokea na shikamoo ya furaha kabisa.

"Marahaba. Mjomba wako ametafuna nini humu nyumbani kwangu?"

Athumani angeweza kusema peremende. Angeweza kusema hajui. Akasema, "Ni bigijii za nikotini, baba. Mimi ndiye niliyempa. Amebakiza wiki chache amalize. Kama kuna kosa, nami nimo."

Mzee Salimu akakata simu. Akaichukua ile barua kwa ncha ya vidole, ikiwa na bigijii yake na leso yake, akaniwekea mapajani.

"Hii siipokei," akasema. "Kamalize. Ukishamaliza rudi mwenyewe, si mshenga mwingine, ukae kwenye kochi hilo tangu saa tatu mpaka saa saba, hutafuni, huombi msalani kila saa. Hapo tutaongea habari ya Rehema."

Njiani Mhando alitoa sigara, akaniangalia, akairudisha.

Nyumbani dada yangu alinipigia na kuniambia mwanawe ataoa uzeeni kwa sababu ya meno yangu. Athumani ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa sababu hakunilaumu kabisa. "Mjomba, usikimbilie kwa ajili yangu," akasema. "Shuka ulivyokuwa unashuka." Na kuanzia wiki ile, kila Ijumaa, kwenye simu yangu ukawa unaingia ujumbe mmoja kutoka namba nisiyoijua mwanzoni: "Shikamoo mjomba. Rehema hapa. Umefikia ngapi?" Basi. Hamna jingine. Nawaambieni hakuna daktari duniani atakayekusimamia kama binti anayetaka kuolewa.

Nikashuka. Nusu tatu zikawa mbili, nikakaa hapo wiki mbili. Mbili zikawa moja, hapo ikabidi nitafune mdalasini, nitafune miwa, nitafune penseli ya kazi mpaka risasi yake. Nilikuwa na hasira za kijinga. Kuna meza nilifupisha mguu mmoja, nikafupisha na mingine kuusawazisha, mpaka ikawa stuli (mteja aliikataa, nimeikalia mpaka leo). Siku moja Mhando akasahau pakiti ya sigara karakanani, nusu imejaa. Niliishika. Sitasema uongo, niliinusa. Halafu nikaitumbukiza kwenye kopo la gundi, nikaikoroga kwa kijiti mpaka ikawa uji, na Mhando aliponidai nikamwonyesha kopo. Ile nusu moja ya mwisho nikaikata robo. Robo nikaitafuna siku moja, siku ya pili nikaipisha. Halafu, Jumatano moja, nikamaliza siku nzima bila, na kesho yake tena, na Rehema alipouliza Ijumaa nikamwandikia: "Sifuri." Akanijibu kwa mara ya kwanza maneno mengi: "Asante mjomba. Vumilia."

Nilisubiri zifike siku tisa. Tukarudi Kilole, mimi na Mhando, ambaye kwa heshima ya safari ile alikuwa hajavuta tangu jana yake jioni na alikuwa mkali kama nyuki. Saa tatu kamili nikakaa kwenye kochi. Mzee Salimu akaketi mbele yangu na mkono umeshika mkongojo, hazungumzi sana, analiangalia goti langu. Saa nne goti likataka kuanza, nikaliwekea kiganja. Saa tano chai. Kikombe kiligonga kisahani mara moja, nami nikakiacha kigonge. Saa sita Bibi Mwanahawa akanisogezea bakuli la karanga, akaninong'oneza, "Tafuna, mwanangu, karanga hazina neno." Saa saba adhana ikalia msikitini. Mzee Salimu akaweka mkongojo chini.

"Haya, mshenga. Umeacha kabisa?"

Sebule nzima ikaniangalia kama siku ile. Nikajua neno analolitaka kila mtu mle ndani, na Mhando karibu anisemee.

"Nina siku tisa sijaweka kitu, mzee," nikasema. "Na hivi ninavyokaa hapa natamani mpaka kwenye kucha. Kesho sijui. Ninajua nitaamka nikatae tena."

Mzee Salimu akanyoosha mikono yote miwili, nikamkabidhi barua mpya ndani ya leso mpya, akaipokea, akaigeuza huku na huku kuona kama hainati, na yule mzee mkavu akacheka, kicheko kirefu cha kifuani, mpaka Mwalimu Zubeda akalazimika kumpiga mgongoni.

Sasa Athumani na Rehema wanaishi Tanga, na mimi nina mwezi wa tano sitafuni chochote chenye jina la kitaalamu. Haikuisha, msidanganyike, juzi tu nilipita dukani nikanusa moshi wa mtu nikasimama kama nimeitwa, kisha nikaondoka. Nilichojifunza kimenigharimu uso wangu Korogwe nzima: ngazi ulizopewa ushuke kidato kidato ukiziruka unajikuta umefika chini kweli, lakini kwa matako. Na nimeapa, kwa watoto wangu, kwamba maadamu nipo hai sitajisifia mbele za watu usafi ambao sijaufikia, sitaingia na kitu mdomoni kwenye choo cha wakwe, na koti lile nimempa Mhando, mifuko yote nimeishona.